Kuzunguka dunia kwa Cessna ukianzia Mtwara: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha injini

Vijana wa hapa Mtwara wanaopenda simuleta za ndege, yaani programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, huniuliza kama mtu anaweza kuizunguka dunia nzima kwa ndege ndogo akiwa amekaa sebuleni kwao Shangani au Chikongola. Anaweza kabisa, na kwa jiografia, hali ya hewa na hesabu sijui somo linaloizidi safari hii. Ila wanaoishia njiani ni wengi, na karibu wote huponzwa na jambo ambalo lingemalizwa mezani kabla ya kuondoka. Mafuta yanaisha katikati ya bahari, bando linakata juu ya India, umeme unakwenda kabla safari haijahifadhiwa. Haya ninayoyaandika ni ya kuyapanga wakati ndege bado iko chini.

Anza kwa kuweka kipimo. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, linataka anayedai rekodi ya kuzunguka dunia aondoke na kurudi mahali pamoja, avuke mistari yote ya longitudo, na asiruke chini ya kilomita 36,787.559, yaani urefu wa Tropiki ya Kansa. Wewe hudai rekodi, lakini kipimo hicho kitakuzuia kuizunguka Ncha ya Kaskazini kwa dakika chache na kujiita mzunguka dunia. Kwa maili za baharini ni kama 19,860. Cessna 172 hutembea takribani maili 120 kwa saa, kwa hiyo mbele yako una saa 165 hivi za kuruka. Ukiruka saa nne Jumamosi na saa nne Jumapili, ni kama miezi mitano. Waambie wa nyumbani mapema, hasa kama kompyuta ni ya familia.

Ndege ndogo imeshafanya kazi hii kwa kweli. Jerrie Mock, mama wa watoto watatu kutoka Ohio, Marekani, aliondoka Columbus tarehe 19 Machi 1964 na kurudi tarehe 17 Aprili, akawa mwanamke wa kwanza kuzunguka dunia peke yake angani. Alitumia Cessna 180 iliyofungwa matangi ya ziada ya mafuta ndani ya kibanda. Mbelgiji Mack Rutherford alimaliza mzunguko wake Agosti 2022 akiwa na miaka 17, na njia yake ilipita Kenya, Madagaska, Morisi na Shelisheli. Dada yake Zara, aliyemaliza Januari mwaka huohuo, alikwama Nome huko Alaska wiki kadhaa akisubiri ruhusa na hali ya hewa. Soma safari zao kabla ya kuchora yako, maana vituo vyao na sababu za kukwama kwao ni darasa la bure.

Sasa mafuta, ambayo ndiyo yatakayoamua ramani. Cessna 172S hubeba kama lita 200 zinazotumika na hunywa kama lita 34 kwa saa ikiwa mwendo wa kawaida. Ukiruka saa tano umetumia 170, na 30 zilizobaki ni akiba ya chini ya saa moja. Usizihesabu 30 hizo kwenye safari. Ukikutana na upepo wa mbele wa maili 25 kwa saa, mwendo wako juu ya ardhi unashuka hadi 95, na saa tano zinakufikisha maili 475 tu. Ndiyo maana nasisitiza hatua yoyote, yaani kituo hadi kituo, isizidi maili 470, hata kama kitabu cha ndege kinataja zaidi ya 600. Zima kitufe cha mafuta yasiyoisha kwenye simuleta, na uwashe uharibifu wa ndege. Bila hivyo hesabu hizi hazina kazi. Kuna watakaochagua Caravan, Cessna iliyo kubwa zaidi, kwa sababu wanaifahamu, ni ndege inayotua sana viwanja vyetu vya kusini. Hakuna ubaya, inakwenda mbali na kwa kasi zaidi, lakini 172 itakufundisha mengi zaidi.

Kwa kipimo cha maili 470 njia inajichora yenyewe. Mtwara, Kilwa Masoko, Dar es Salaam, Mombasa, Kismayu, Mogadishu, Galkayo, kisha Bosaso na kuvuka Ghuba ya Aden hadi Salalah, Omani. Toka hapo fuata pwani kwenda Pakistani, India, Thailandi, hadi Japani. Kuvuka Pasifiki katikati kwa 172 sahau, kwa maana kutoka California hadi Hawaii peke yake ni zaidi ya maili 2,000. Panda kisiwa cha Sakhalin, Urusi, ruka kama maili 460 kutoka Okha hadi Magadan, pita Severo-Evensk na Markovo hadi Anadyr, halafu vuka kama maili 435 kuingia Nome. Ukishaimaliza Kanada, Iqaluit hadi Nuuk, Greenland, ni kama maili 445, Nuuk hadi Kulusuk kama 380, Kulusuk hadi Reykjavik kama 400, na Reykjavik hadi Vágar, visiwa vya Faroe, kama 415. Kutoka hapo Uskoti iko karibu, na kupitia Ulaya na Misri unarudi nyumbani. Ukipinda pinda kufuata viwanja, jumla inafika kipimo cha FAI. Ipime mwenyewe kabla ya kuondoka, na kama imepungua ongeza kituo.

Kila kiwanja kifungue kwenye simuleta yako kabla ya kukitegemea. Nuuk ilifungua njia mpya ya kurukia ya mita 2,200 mwishoni mwa 2024, ilhali simuleta za zamani bado zinaonyesha ile ya mita 950. Kulusuk ni ya changarawe, mita 1,200 hivi. Vágar imebanwa na milima, na upepo ukivuka ile milima ndege inarushwarushwa hadi karibu na ardhi. Na kila kituo kipe kiwanja mbadala, kilichoandikwa daftarini na kupimwa mafuta yake.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kalenda. Simuleta nyingi za sasa huleta hali ya hewa halisi ya saa hiyo, na ukiiwasha, utaruka katika upepo uleule unaopiga nje ya dirisha. Sisi wa pwani tuna bahati, kwa sababu tumekua tukisikia habari za kusi na kaskazi. Majahazi ya pwani hii yalikwenda Uarabuni na India kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na Cessna isiyo na nguvu nyingi inaufuata utaratibu huohuo. Kusi huanza kushika mwezi Aprili. Ukiondoka Mtwara katikati ya Aprili, unakuwa nao mgongoni kuelekea Mombasa na Mogadishu. Utapambana na mawingu ya masika kati ya Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo jipe nafasi ya kusubiri siku mbili tatu. Lakini usichelewe ukidhani Mei au Juni ni salama zaidi. Mvua za monsuni huingia kusini mwa India mwanzoni mwa Juni, na bahari ya Arabuni wakati huo inachafuka kwa upepo mkali. Unatakiwa uwe umeshaipita India.

Kwa mwendo wa wikiendi, ratiba hiyo inakuweka Japani katikati ya Juni, kabla vimbunga havijakolea Agosti na Septemba. Unaingia Nome mapema Julai, jua likiwa karibu halizami, na kuvuka Greenland mwisho wa Julai wakati barafu ya mabawani ni tishio dogo. Dogo, si kwamba halipo. Cessna 172 haina kifaa cha kuyeyusha barafu kwenye mabawa, na barafu ya Greenland ina kimo cha zaidi ya mita 3,000, kwa hiyo ni lazima upande kama futi 12,000, huku uwezo wa ndege yote ukiishia futi 14,000. Ukiona wingu limekaa kwenye kimo hicho na joto la nje liko chini ya sifuri, usiondoke siku hiyo. Lala Nuuk, ujaribu kesho.

Tatizo la ratiba hiyo ni kurudi. Utafika Misri mwisho wa Agosti, na ukishuka pwani ya Afrika Mashariki Septemba unakutana na kusi usoni. Kuna njia mbili. Ama upunguze urefu wa hatua, kwa mfano Nairobi hadi Dar, kisha Dar hadi Mtwara, ama uiegeshe ndege Cairo hadi Desemba na kushuka na kaskazi. Mimi napendelea ya pili. Ni ndefu, lakini mtu wa Mtwara akirudi kutoka kaskazini na arudi na kaskazi, kama manahodha walivyofanya.

Tuje kwenye vyombo. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ina dunia nzuri iliyojengwa kwa picha za Bing Maps, lakini kuiweka tu ilihitaji kama GB 150 ilipotoka, na ile ya 2024 inategemea intaneti muda wote. Kwa anayenunua bando kwa siku, hiyo ni gharama ya kuvunja moyo. X-Plane hukuruhusu kuchagua maeneo ya dunia unayotaka kuyaweka, kwa hiyo unaweza kupakua bara moja kabla ya kulifikia. FlightGear ni ya bure kabisa, inakubali kompyuta za zamani, na ramani zake huja vipande vipande kadiri ndege inavyosogea, au unazipakua mapema. Kwa mtu anayeanza hapa kwetu ningemwambia aanze na FlightGear bila kuona haya. Mwenye Microsoft ya 2020 aingie kwenye mipangilio ya data, aweke kikomo cha matumizi, na ahifadhi mapema maeneo ya kila kituo kwa bando la usiku au mahali penye Wi-Fi. Masasisho ya programu nayo yamalize katikati ya wiki. Jumamosi asubuhi ukute sasisho la GB kadhaa linakusubiri, siku imekwisha.

Umeme usiubahatishe. Kompyuta ya mezani bila UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, haifai kwa safari ya saa nne. Laptop ni bora, ila betri yake ijaribiwe: chomoa chaji ukiwa unaruka, tazama inadumu dakika ngapi simuleta ikifanya kazi. Nyingi hazifiki saa moja, na dakika hizo ni za kuhifadhi safari, si za kuendelea nayo. Jizoeze kuhifadhi kila unapobadili uelekeo, na nakala ya faili uiweke kwenye flashi. Halafu joto. Mtwara ya Januari laptop ikiruka saa mbili, sehemu ya juu ya kibodi, karibu na kioo, inaunguza vidole, picha zinaanza kukatika, na ndege inayumba hata kama mkono wako umetulia. Inyanyue kwa vipande viwili vya mbao ili upepo upite chini, elekeza feni ubavuni, na toa vumbi kwenye matundu kabla ya safari. Wanaokaa karibu na bahari wafunike kompyuta inapolala, maana hewa ya chumvi hula bandari za USB taratibu.

Jostiki, ule mkono wa kuongozea ndege, ya bei nafuu inatosha. Kipanya hakitoshi, hasa wakati wa kutua na upepo wa ubavuni.

Saa ifunzwe mapema. Marubani wote hutumia saa ya UTC, yaani saa moja kwa dunia nzima, na sisi tuko mbele kwa saa tatu, tena tunahesabu kuanzia alfajiri. Saa mbili asubuhi kwetu ni 05:00 ya UTC. Bandika jedwali dogo pembeni ya kioo, la sivyo utasoma taarifa ya hali ya hewa iliyopitwa na wakati. Ukivuka kutoka Anadyr kwenda Nome unavuka mstari wa tarehe, na kalenda inarudi nyuma siku moja. Daftari liandikwe kwa UTC tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafuta ni mali. Andika yaliyopakiwa, yaliyotumika, muda wa kuruka na kutua, na upepo uliokutana nao. Dira nayo iangaliwe, kwa maana Greenland tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli inapita nyuzi 20, ilhali hapa kwetu ni ndogo. Asiyejua hilo huikosa Nuuk huku akidhani yuko sawa.

Kabla ya yote hayo, fanya safari ya majaribio nyumbani. Ondoka Mtwara, kiwanja kinachoitwa HTMT kwenye ramani za anga, weka ghuba ya Mikindani kushoto, fuata pwani hadi Kikwetu, Lindi, kama maili 38. Utaona mlango wa bahari wa Lindi ukiingia bara na Kitunda ng'ambo yake. Ukiwa juu ya bahari bado unauona, dira yako iko sawa. Tua. Ondoka tena hadi Kilwa Masoko, kisha Mafia, kisha Dar. Zima otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege yenyewe, kwenye hatua moja. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa ukiwa juu, uone lita kwa saa zinavyoshuka. Ukifika Dar linganisha mafuta uliyoyakadiria na yaliyotumika. Tofauti ikizidi lita kumi, tafuta sababu na urudie. Ikiwa chini ya hapo kwenye safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi dhidi ya kusi, jaza matangi, hifadhi, na uweke tarehe.