Namna ya kuipata chai inayokufaa, ukianzia na pakiti iliyo jikoni kwako

Mtu akiniambia hapendi chai ya kijani, au kwamba chai ya rangi inamshinda, swali langu la kwanza huwa: uliipikaje? Mara nyingi jani halina hatia. Maji yalikuwa yanatokota, majani yakaachwa humo mpaka chapati ziishe kupikwa, kisha hukumu ikatolewa. Nimefanya kazi ya kuonja chai kiwandani huko Toro, na sasa nauza majani kwa mizani hapa Kampala. Utaratibu ufuatao ndio ninaowapa wateja wanaotaka kujua chai gani hasa ni yao.

Vifaa ni vya kawaida: vikombe vitatu vinavyofanana, vyeupe kwa ndani ikiwezekana, kijiko cha chai, chujio, saa ya simu, na pakiti ile ile ya majani unayonunua siku zote. Usinunue kitu kipya bado.

Hatua ya 1: Yaweke maji sawa

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Fort Portal ni kama 95, na Kabale ni 93 au 94. Chai nyeusi inataka joto, nasi tayari tumepunjwa kidogo na milima. Basi mimina maji yakiwa bado yanatokota. Yale ya chupa ya chai yaliyochemshwa alfajiri, ukiyatumia saa nne, yatakupa kikombe kilichopwaya hata uongeze majani kiasi gani.

Maji ya mfereji yakinuka dawa, yachemshe dakika chache bila kifuniko, harufu itapungua sana. Maji ya kisima cha pampu yenye kutu ni habari nyingine. Chuma kilichomo hukutana na tanini za chai, zile kemikali zinazokausha kinywa, na kikombe hugeuka rangi nyeusi ya kijivu, chenye utando juu. Anayeishi karibu na kisima cha namna hiyo huweza kudhani ameuziwa majani mabovu. Jaribu majani hayo hayo kwa maji ya mvua kabla hujaenda kugombana na mwenye duka. Na lile dumu la njano lililokuja na mafuta ya kupikia, hata ulisugue na mchanga, lisichote maji ya zoezi hili.

Hatua ya 2: Pakiti moja, vikombe vitatu

Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe.

Waonjaji wana kipimo cha kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Kipimo hicho ni cha kulinganisha chai na kufichua kasoro zake. Hakikuwekwa ili mtu afurahie kikombe. Nyumbani, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu kinatosha kikombe kimoja. Weka majani katika vikombe vyote vitatu, mimina maji, funika kwa visahani. Chuja cha kwanza baada ya dakika 2, cha pili baada ya dakika 4, cha tatu baada ya dakika 7. Usitie sukari, usitie maziwa.

Subiri vipoe hadi vuguvugu, maana ulimi ulioungua hauonji kitu. Kisha vuta chai kutoka kwenye kijiko pamoja na hewa, kwa mlio, ile tabia tuliyokatazwa mezani tukiwa wadogo. Hewa hiyo hupeleka harufu nyuma ya pua, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha iko huko. Ukiwa unaonja vingi, tema. Kiwandani kila mtu anatema.

Jiulize mambo matatu. La kwanza ni harufu: unapata nini puani baada ya kumeza? La pili ni uzito: chai imejaza kinywa, au imepita kama maji? La tatu ni ukakasi, ule mkwaruzo wa kukausha fizi na mashavu unaoupata ukitafuna ndizi mbichi. Usiuchanganye na uchungu. Uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso, na kuna watu wanaochukia kimoja huku wakikipenda kingine bila kujua.

Vikombe vitatu vinatofautiana kwa sababu vitu havitoki kwenye jani kwa pamoja. Harufu na sehemu kubwa ya kafeini hutangulia; tanini, zinazoleta ukakasi, huendelea kutoka polepole kadiri jani linavyokaa majini. Kwa hiyo mtu anayesema chai ni kali sana, huenda anachokichukia ni zile dakika tatu za mwisho tu.

Kijana mmoja wa bodaboda, mteja wangu wa asubuhi, alikuwa hanywi chai bila vijiko vinne vya sukari. Nikampa kikombe cha dakika mbili, bila sukari.

"Mzee, hii ni chai kweli, au umenichanganyia kitu?"

"Ni pakiti ile ile, mwanangu. Nimeitoa mapema tu."

Sukari hajaiacha, ila siku hizi hutia kijiko kimoja. Yeye ni mtu wa harufu, na sukari yote ile ilikuwa ya kuuziba ukakasi.

Andika popote, hata nyuma ya risiti: kikombe gani umekipenda, na kwa lipi kati ya yale matatu. Rudia siku nyingine, asubuhi kabla hujala, kwa sababu baada ya katogo yenye vitunguu huwezi kuuamini mdomo wako.

Hatua ya 3: Itazame chai ikiwa kavu

Sehemu kubwa kabisa ya chai ya Uganda, iwe ya Kyenjojo, Bushenyi, Kanungu au Mukono, husindikwa kwa njia ya CTC. Jani lililonyauka hupitishwa katikati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yanayozunguka kwa kasi tofauti, linasagwa, linachanwa na kuviringwa kuwa chembe. Chembe hizo huchekechwa kwa ukubwa: BP1 ndiyo kubwa, hufuata PF1, kisha PD, na mwisho vumbi, Dust 1. Vumbi si uchafu. Ni chai ile ile iliyo ndogo zaidi, na kwa udogo wake hutoa rangi na ukakasi upesi. Mifuko mingi ya chai ya kutumbukiza imejazwa chembe ndogo za aina hizi.

Mwaga kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe. Tafuta chembe nyeusi zenye ukubwa unaolingana. Ukiona nyuzinyuzi za kahawia iliyopauka, hizo ni vijiti na mishipa ya majani yaliyokomaa. Sugua rula ya plastiki kwenye nywele, ipitishe juu ya karatasi bila kugusa, utaona nyuzi zinavyorukia rula. Viwandani kuna mashine za kuziondoa zinazofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Nyuzi chache ni kawaida. Zikiwa nyingi, shamba lilichuma zaidi ya majani mawili na chipukizi, na kikombe kitakuwa na rangi bila harufu. Hilo nalisema kwa uchungu kidogo, maana ni mojawapo ya sababu za chai yetu kuuzwa chini ya ile ya Kenya na Rwanda katika mnada wa Mombasa, wakati udongo na mvua tunavyo.

Sasa ndipo ununue, tena pakiti ndogo kabisa. Aliyependa kikombe cha dakika 2 achukue chembe kubwa. Aliyependa cha dakika 7 achukue vumbi, na wala asimwonee haya mtu. Unuse duka pia: chai hufyonza harufu ya jirani yake, na pakiti iliyokaa rafu moja na gunia la mukene, wale dagaa wetu, itakwenda nayo hadi kikombeni.

Hatua ya 4: Vuka kwenda kwenye chai nyingine

Chai nyeusi, ya kijani, oolongi na nyeupe zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Sisi tunalima zaidi jamii ya Assam yenye majani mapana. Ile yenye majani madogo ndiyo maarufu China. Kinachozitenganisha hizo nne ni hasa kile kinacholipata jani baada ya kuchumwa. La chai nyeusi huachwa lichachuke kabisa mpaka liwe la kahawia. La oolongi huzuiwa njiani. La kijani hupigwa moto mapema ili lisichachuke, na la chai nyeupe, ambalo mara nyingi ni chipukizi changa, hunyaushwa na kukaushwa bila kusumbuliwa sana.

Karatasi uliyoandika ndiyo itakayokuongoza. Kama ulipenda uzito, tafuta chai ya Assam, India. Kama ulipenda harufu, tafuta chai nyeusi ya majani yaliyosokotwa bila kusagwa: Darjeeling ya India, au ile ya milima mirefu ya Sri Lanka. Itaonekana hafifu kwa rangi na utashawishika kuongeza dakika. Usiongeze, anza na dakika 3. Kama adui yako ni ukakasi, nenda oolongi kabla ya kijani. Naona watu wengi wa huku waliokulia chai nyeusi huipokea oolongi kwa urahisi zaidi, ingawa bei yake katika supamaketi za Kampala inauma.

Chai ya kijani ndiyo inayoonewa kuliko zote. Ukiimwagia maji yanayotokota, inatoa uchungu na ladha ya mboga zilizopikwa kupita kiasi. Inataka nyuzi 75 hadi 80, kwa dakika 2. Kipimajoto si lazima. Kwa hapa Kampala, changanya vipimo vitatu vya maji yanayotokota na kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, utapata kama nyuzi 78. Majani hayo hayo yanakubali maji ya pili, na wakati mwingine ya pili ndiyo matamu.

Ukiwa na jamaa anayekuja kutoka Nairobi, mwagize chai ya zambarau. Kenya iliitoa rasmi aina yake, TRFK 306, mwaka 2011. Kwa ulimi wangu haina makuu, lakini idondoshee limau uone rangi inavyogeuka kuwa waridi. Watoto wataomba urudie.

Hatua ya 5: Majani ya uani

Huenda ukafika hapa ukagundua kwamba huipendi chai yenyewe, unapenda kitu cha moto chenye harufu. Hilo pia ni jibu. Mchaichai, ule wanaouita kisubi hapa Buganda, ukatwe na kupondwa kidogo kabla ya kuchemshwa dakika 5. Mujaaja, jamaa wa kivumbasi cha pwani, una nguvu: majani machache yatosha birika, na uyatie moto ukiwa umezimwa, la sivyo kikombe kitanuka dawa. Yote mawili hayana kafeini, kwa hiyo ni ya usiku. Choya, yale maua mekundu ambayo Wasudani huyaita karkade, ina uchachu na hunywewa hata baridi. Mwenye kutumia dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwa sababu huweza kuishusha.

Na chai halisi, iwe ya aina gani, isinywewe pamoja na mlo na mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu. Tanini huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Apitishe saa moja.

Hatua ya 6: Rudisha maziwa na viungo

Maziwa yana sababu yake: protini zake hushikana na tanini na kuupunguza ukakasi. Ndiyo maana chai laini kama Darjeeling hupotea ndani ya maziwa, na vumbi la Bushenyi hung'aa humo. Usitie maziwa kwenye ya kijani.

Kwa viungo, fanya kimoja kimoja kabla ya kuchanganya. Nenda Kisenyi unywe chai ya Kisomali yenye iliki, mdalasini na karafuu, kisha nyumbani pika iliki peke yake, kesho mdalasini peke yake. Utashangaa ni kipi hasa ulichokuwa ukikipenda. Wengi hukuta ni iliki, na karafuu ndiyo iliyokuwa ikiwakera.

Ukiishia kwenye chai ya maziwa ya tangawizi, ipike hivi kwa vikombe viwili. Ponda tangawizi mbichi ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ichemshe kwanza katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika 5. Ikiingia mbichi kwenye maziwa huweza kuyakata. Tia vijiko viwili vya majani, ngoja dakika 3, ndipo umimine kikombe kimoja cha maziwa. Iache ipande mara moja, ipue, ichuje papo hapo. Sukari kila mtu atie mwenyewe mezani.