Jinsi ya kumfundisha mtoto misemo ya Kiingereza bila kukaririshana

Walimu wenzangu na nyie wazazi, hii ndo njia ninayoitumia huku Tabora kwa watoto wa darasa la nne na la tano, ubao na chaki vinatosha kabisa.

Hatua ya 1: anza na Kiswahili. Waulize mtu mwenye mkono wa birika ni mtu gani, darasa zima litakujibu bahili. Hapo waambie na Waingereza wanaongea hivyohivyo, maneno yanataja kitu hiki, maana iko kwingine.

Hatua ya 2: tashbiha. Hizi ni laini maana "as" au "like" inamuonyesha mtoto kwamba vitu vinafananishwa. Mi naanza na "as busy as a bee", huku kwetu nyuki na mizinga wanaijua vizuri, "as white as snow" iache kwanza, theluji wengi hawajaiona.

Hatua ya 3: misemo yenyewe, na hapa usikimbie. Chukua mmoja tu, mfano "spill the beans", maana yake usiitaje. Wape kisa: watoto wamepanga kumfanyia mama sapraizi ya bethidei, mdogo wao akaenda kumwambia mama kila kitu, "He spilled the beans". Wachore picha mbili kwenye daftari, huku maharage yamemwagika chini, huku mtoto anamnong'oneza mama, afu waseme ipi inaendana na kisa. Watakwambia wenyewe, katoboa siri! Waonyeshe pia kitenzi kinafuata wakati, spills, spilled, will spill, ila maharage hayabadilishwi, ukiweka "rice" ni mchele umemwagika kweli.

Hatua ya 4: misemo inayofanana na yetu ila imepishana, wengi wanairuka na ndo inawaponza watoto. Kuvunjika moyo kwetu ni kukata tamaa, lakini "it broke my heart" ni kuumia kwa huzuni, so aliyekata tamaa na hesabu aandike "I was discouraged". Chumvi nayo hivyohivyo, kwetu anayetia chumvi ni msemaji, kwao "take it with a pinch of salt" anaambiwa msikilizaji, asiamini yote.

Kwa wiki misemo miwili mitatu inatosha, hizi orodha ndefu za kukariri zinawachosha bure. Na ukija kupima usiulize "maana yake nini", mwambie atunge sentensi ya kitu kilichotokea nyumbani kwao. Akiandika "My sister spilled the beans to Dad" kaelewa, akikuletea maharage ya jikoni mrudishe kwenye zile picha mbili.