Jinsi ya kuonyesha utando wa seli kwa kitunguu chekundu na maji ya Raskazone

Nafundisha baiolojia hapa Tanga, na kila mwaka naletewa madaftari yenye michoro ya seli iliyopendeza: kiini, mitokondria, ribosomu, vyote vimepakwa rangi. Ukimuuliza aliyechora utando uko wapi, yaani ngozi nyembamba iliyo ndani ya ukuta, anakuonyesha ukuta wenyewe, ganda gumu la nje. Simlaumu, kitabuni ni mistari miwili iliyobanana. Mwalimu mwenzangu, hilo linatibika kwa kipindi kimoja.

Nenda soko la Mgandini ununue kitunguu maji chekundu, chekundu hasa. Maji ya bahari chota Raskazone, uyachuje kwa kitambaa safi, maana mchanga hukwaruza lenzi.

Kata kitunguu vipande vinne, banjua ganda moja nono. Upande wa nje, wenye rangi, chanja kidogo kwa wembe kisha vuta kwa kibano. Ngozi ikitoka na nyama nyeupe, tupa, vuta nyingine. Itandaze kwenye tone la maji ya bomba juu ya slaidi kabla haijajikunja. Kioo cha kufunikia kiinamishe, ukishushe polepole kwa sindano. Ukikidondosha utafungia mapovu, na watoto huyachora wakidhani ni viini. Povu ni duara kamili lenye ukingo mweusi mnene.

Weka slaidi kwenye hadubini, anza na lenzi inayokuza mara 4, kisha ya 10. Wekundu wote unaouona umo ndani ya vakuoli, mfuko wa maji yenye sukari, chumvi na rangi. Umejaa kiasi kwamba saitoplazimu, ule uteute wa seli, imesukumwa pembeni, imebaki tabaka jembamba tu.

Sasa weka tone la maji ya bahari ukingoni mwa kioo. Upande wa pili gusisha karatasi ya chooni ivute maji ya bomba. Mtoto asiondoe jicho! Baada ya dakika chache wekundu unaanza kuachia pembe za seli, unanywea, unakolea. Ukuta umesimama palepale. Maji yametoka kwenye vakuoli kuelekea kwenye chumvi nyingi iliyo nje, na utando umefuata, umeachana na ukuta.

Hapo muulize tena ukuta uko wapi, utando uko wapi. Kisha muulize swali ninalolipenda kuliko yote: nafasi iliyopo kati yao imejaa nini? Wengi hujibu hewa. Ni maji ya bahari. Ukuta wa selulosi unapitisha chumvi, utando ndio unaoizuia. Mpe muda alifikie mwenyewe.

Rudisha maji ya bomba kwa njia ileile, seli zitajaa tena. Usichelewe, kwani seli zikifa utando hauzuii kitu na rangi inavuja.

Kiini tafuta kwenye ngozi nyeupe ya upande wa ndani, kwa tone la iodini na lenzi ya 40. Kloroplasti hutaziona, ganda hili kazi yake ni kuhifadhi chakula, si kukitengeneza kwa mwanga. Ribosomu ina upana wa nanomita 20 hadi 30, hiyo inataka hadubini ya elektroni. Kwenye mchoro wa siku hiyo, mtoto asichore asichokiona.

Mkimaliza, futeni jukwaa la hadubini kwa kitambaa chenye maji ya bomba, kisha kwa kikavu. Chumvi ikikaukia kwenye chuma, kutu haichelewi.