Ukuta wa jipsamu usiopasuka juu ya mlango

Ukuta wa jipsamu mara nyingi haupasuki wenyewe, unapasuliwa na mlango. Mlango ukibamizwa, mtikisiko unapita kwenye fremu, unaingia kwenye nguzo (mbao za kusimama ndani ya ukuta), kisha unatokea konani juu kama ufa. Kwa hiyo nguvu ziwekwe hapo. Kwingine ukuta huu hauna neno.

Chukua ukuta wa futi 12, dari ikiwa futi 8. Bodi za futi 4 kwa 8 zitaingia 3 kila upande, jumla 6. Dari ikiwa futi 9 ongeza moja tu: ukiichana vipande vya futi moja inatosha pande zote mbili. Nunua za mm 12. Za mm 9 ni za dari, bei yake isikushawishi. Skrubu hesabu 35 kwa bodi. Nguzo ziwe mbao za inchi mbili kwa tatu, kila baada ya futi 2. Ukijumlisha na bodi mbili unapata karibu sm 10, ambayo ndiyo fremu ya inchi 4.

Saiprasi na paina za mashamba ya Meru na West Kilimanjaro mara nyingi hufika dukani zingali mbichi. Zipange ndani ya nyumba, vijiti katikati zipitishe hewa, wiki mbili tatu. Ikikaukia ukutani mbao hujikunja na vichwa vya skrubu vinaanza kuchungulia. Mbao ya chini, inayolala sakafuni, ipake dawa ya mchwa.

Sasa tundu la mlango. Fremu ya sm 90 kwa 210 inataka nafasi ya 92 kwa 211. Kama tailizi hazijawekwa, ongeza kimo sm 3. Kila upande simamisha nguzo mbili zilizopigiliwa pamoja: moja ifike darini, ya pili ibebe mbao inayolala juu ya mlango. Katikati ya mbao hiyo weka kijiguzo kifupi hadi darini. Usikiruke, kina kazi yake.

Bodi ikatwe umbo la L izunguke kona ya tundu, kiungo cha bodi na bodi kiangukie kwenye kijiguzo kile. Kiungo kikishuka sambamba na ubavu wa mlango, ufa utakuja tu, hata upake nini. Upande wa pili anza na nusu bodi ili viungo vya pande mbili visikutane nguzo moja. Chini acha mm 10, maana jipsamu ikigusa sakafu inayopigwa deki kila asubuhi itafyonza maji na kuvimba. Skrubu ibonyeze karatasi bila kuichana. Ikichana haishiki kitu, piga nyingine sm 5 pembeni.

Fremu inafuata. Anza na upande wa bawaba kwa timazi, kabari mbili mbili zikikabiliana, nyuma ya kila bawaba na nyuma ya kitasa. Pima pembe kwa pembe. Vipimo vikitofautiana, fremu haiko mraba na mlango utakwaruza au kukwama. Viungo vya bodi bandika mkanda wa wavu, kisha wolputi mikono mitatu, kila mmoja ukauke kabla ya msasa. Kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai siku moja huenda isitoshe.

Bawaba ziwe tatu za inchi 4. Ile ya juu, inayobeba mzigo mkubwa, ipate angalau skrubu moja ya inchi 3 ipite fremu mpaka kwenye nguzo. Mwanya wa pembeni na juu ni mm 3, lakini ukipachika Januari au Februari mbao zikiwa kavu acha 4, la sivyo masika utarudi na randa. Kabla ya kuupachika mlango, paka vanishi ukingo wake wa chini. Ukishaning'inia hutaufikia tena, na ndio unaokunywa maji ya deki.