Kuchora majengo OpenStreetMap bila kuwaachia wengine kazi ya kusafisha

Ukibofya Hifadhi kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, hakuna mhariri anayekaa katikati. Ulichochora kinaingia papo hapo. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, waokoaji walitumia ramani hii hii, kwa hiyo ukuta uliokaa siko una madhara.

1. Fungua akaunti, sogeza ramani hadi eneo lako, bofya Hariri. Kihariri cha iD hufunguka ndani ya kivinjari.

2. Linganisha picha ya setilaiti na barabara zilizokwishachorwa. Zikiwa zote zimehama upande mmoja kwa kiasi kilekile, yaelekea picha ndiyo iliyohama. Bonyeza B, tafuta sehemu ya kurekebisha mkao wa picha, uivute ioane na njia za GPS, yaani mistari iliyorekodiwa na vifaa vya watu waliopita hapo. Wageni wengi huvuta barabara zifuate picha, wakaharibu kazi iliyopimwa kwa miguu.

3. Bonyeza 3 uanze kuchora umbo la jengo, bofya kona moja moja, maliza kwa kubofya mara mbili. Hapa ndipo penye kazi. Setilaiti mara nyingi hupiga picha kwa mshazari, hivyo paa la jengo refu huonekana limeegemea pembeni. Chora umbo la paa, kisha bonyeza M ulihamishe lote hadi pale ukuta unapogusa ardhi. Q hunyoosha kona ziwe mraba. Jengo la duara, O.

Kona ikitaka kunata kwenye barabara, shikilia Alt unapochora. Ikishanata, chagua nodi hiyo (nukta ya kona) na ubonyeze D, itengane na barabara. Ukiiacha, atakayesogeza barabara kesho ataburuta na ukuta.

4. Weka lebo building=yes, yaani "hili ni jengo". Inatosha. Paa refu la bati laweza kuwa shule, ghala au kanisa; ukiwa juu huwezi kujua, usikisie.

5. Jina andika ulilolisoma mwenyewe kwenye kibao. Kunakili Google Maps ni marufuku kwa sababu ya hakimiliki, na data hiyo ikibainika hufutwa, mara nyingine pamoja na nzuri uliyoichanganya nayo.

6. Hifadhi kila baada ya majengo 20 au 30, ya eneo moja. Kwenye maelezo, "marekebisho" halimwambii mtu kitu. Andika "Nimeongeza majengo 25 kwa picha ya Bing". Ukiwa mgeni, weka tiki kwenye kisanduku cha kuomba kukaguliwa. Mtu akikuandikia kuhusu mabadiliko hayo, mjibu: mchangiaji akinyamaza, mkaguzi anaweza kuyarudisha nyuma yote, mabovu na mazima.