Kabla hujamkabidhi dereva ufunguo wa lori

Wenye malori huogopa ajali, lakini mara nyingi pesa huvujia kwenye tangi la mafuta. Pima hivi: jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita za kwenye dashibodi, na lori likirudi lijaze tena hadi pale pale. Likiwa limetembea kilomita 600 na kuongezwa lita 240, limekula lita 40 kwa kila kilomita 100. Rudia safari tatu, ukitenga hesabu za safari zenye mzigo na za lori tupu. Njia ile ile, mzigo ule ule, matumizi yakifika lita 50 kwa kila kilomita 100, usimkabe dereva bado: kagua kwanza upepo wa tairi, chujio la hewa na breki zinazokwama. Vikiwa sawa, huenda mafuta yananyonywa au risiti imeongezwa lita.

Tairi nazo huondoka mpya zikarudi kuukuu. Nakili namba zilizo ubavuni mwa kila tairi, ya akiba pia, na ya betri, uzilinganishe lori likirudi.

Kumdai dereva hesabu, yaani kiasi maalumu cha pesa, kila siku kuna mtego wake: ili aifikishe atazidisha mzigo na kuruka sevisi. Mshahara pamoja na posho ya safari ni afadhali, japo utalazimika kufuatilia zaidi.

Kwenye bima, soma masharti yanayomhusu dereva. Daraja la leseni lisipolingana na lori, kampuni inaweza kukataa kulipa. Na ukinunua lori kwa mkopo, rejesho halingoji litoke gereji, kwa hiyo tenga marejesho ya miezi mitatu kabla hujanunua.