Operesheni ya erni ya kinena kwa kamera: namna ya kujitayarisha na kupona muzuri

Bandugu ba Goma, sana sana benye kusukuma chukudu na kubeba mifuko ya makala, hii ni yenu. Ule uvimbe unatokea ku kinena ukisimama ao ukikohoa, na ukilala unarudi mu tumbo, mara mingi ni erni, ni kusema utumbo unapita ku tundu ya ukuta wa tumbo. Vidonge haviifunge, mukaba pia hapana, ni operesheni tu. Kama haikusumbue docta anaweza kusema mungoje kwanza, lakini uvimbe ukikuwa mugumu, unauma sana, haurudi ndani na unaanza kutapika, usingoje asubui: utumbo umekabwa, damu haipite tena, uende opitali saa ile ile.

Kwa kamera, docta anatoboa vitundu vitatu vidogo, kimoja karibu na kitovu cha kuingiza kamera, anaingiza gesi ili apate nafasi ya kutumika, kisha anaweka fileti, kitambaa chenye matundu kama chandarua, kwa ndani. Inaomba ulazwe usingizi kabisa. Mbele ya kukubali uliza: docta amezoea hii njia? Kuko mutu wa anestezi, ule wa kulaza bagonjwa usingizi? Umeme ukikatika jenereta inawaka? Kama majibu haikutulize, operesheni ya kufungua ku kinena na kuweka fileti inafunga erni muzuri pia, usiione ni ya bamaskini. Faida ya kamera ni maumivu kidogo na kurudi ku kazi mbio, na kama erni iko pande mbili, vitundu ni vile vile.

Mbele ya siku, ambia docta dawa zote unakunywa, zaidi za kupunguza damu kuganda. Kikohozi kitibiwe kwanza, sigara uache. Usijinyoe na wembe ku nyumba, unaweza kujikata na kuingiza mikrobe. Chakula uache saa 6 mbele, maji safi saa 2, ila kama docta amesema tofauti.

Ukirudi nyumbani, tembea siku ile ile, polepole. Bega inaweza kuuma juu ya ile gesi, inapita. Makende ikivimba kidogo na kuwa nyeusi ni damu imeshuka, vaa kalsoni ya kubana. Kutoka ku kitanda, geuka upande, shusha miguu, kisha jisukume na mikono, usijivute na tumbo. Ukikohoa, kandamiza muto pale. Kunywa maji mingi, kula sombe, maharagi na matunda, juu kujikaza ku choo kunaumiza sana.

Sasa mambo ya bidoni. Ile ya litre 20 ni kilo 20 nzima, na vidonda viko vidogo sana, vinakauka mbio, mutu anaamini amepona, kumbe ndani fileti haijashikamana. Kazi ya kukaa unaweza kurudia kisha wiki 1 ao 2, mizigo mizito ingoje wiki 4 mpaka 6. Ongea na bibi na batoto mapema nani atachota maji. Pikipiki (moto) pia uache mwanzoni, ku barabara zetu za mawe ya volkano inarusha mutu sana.

Rudi opitali mbio ukiona homa, usaha, kidonda kinazidi kuwa chekundu, mukojo haitoke, ao unatapika na tumbo inajaa. Chukudu uirudilie kisha docta kukuangalia, uanze na muzigo mudogo, na ku mulima tafuta mutu wa kukusukumia.